Ujuzi wa timu usiondoke na mtu: mwongozo kwa timu ndogo za programu

Vijana wanaoanzisha timu za programu hapa Tanga huniuliza maswali yaleyale. Tuandike nini na tuache nini? Tuandike wapi, WhatsApp au kwenye Git, ile programu inayotunza faili za mradi pamoja na historia ya mabadiliko yake? Nani aandike, wakati kila mtu ana kazi ya mteja mkononi? Na mbona mwaka jana tuliandika, lakini hakuna anayefungua? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe inafanyika.

Mwongozo huu ni wa timu ya watu watatu hadi kumi hivi, ya aina tunazozijua: chumba cha kupanga Chumbageni au Ngamiani, mfumo wa duka la dawa, mfumo wa kupokea maziwa ya wafugaji, wa ada za shule, wa SACCOS. Timu za namna hii zina tatizo moja lililo kubwa kuliko mengine yote. Kijana anafundishwa mwaka, mwaka na nusu, akishaiva Dar es Salaam inamwita. Ni haki yake kwenda. Lakini anapopanda basi anaondoka na sababu za nusu ya maamuzi yaliyomo kwenye msimbo wenu, yaani maandishi ya programu, na wiki mbili baadaye mteja wa Pongwe anapiga simu kwamba ripoti haijumlishi na hakuna anayejua pa kuanzia. Mali bila daftari huisha bila habari, na ujuzi ni mali.

Shika kanuni hii moja kabla ya nyingine zote: swali likiulizwa mara ya pili, jibu lake linaandikwa. Mara ya kwanza jibu kwa mdomo. Mara ya pili andika, kisha mpe aliyeuliza kiungo. Timu inayofuata hili peke yake tayari iko mbele ya nyingi.

Kabla ya kuanza, uwe na haya

- Hazina moja ya Git, yaani ghala la faili za mradi, ambayo timu nzima inaifikia. Iwe kwenye tovuti kama GitHub na GitLab au kwenye kompyuta ya ofisini, si hoja. Uzuri wa Git ni kwamba kila laptop hubeba nakala nzima pamoja na historia yake, hivyo bando likiisha au mtandao ukikatika mtu bado anasoma.
- Mtunza daftari, yaani msimamizi wa maandishi ya timu. Mtu mmoja mwenye jina, maana kazi ya "sote" haina mwenyewe. Si lazima awe mkubwa wa timu. Mara nyingi anayefaa ni aliyejiunga karibuni, ambaye bado anakumbuka ugeni wake na yale yaliyomchanganya.
- Saa moja kila wiki, iliyopangiwa siku na muda. Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajaanza kujiandaa kwenda msikitini, inafaa sana.
- Neno la mwenye timu mbele ya wote, kwamba saa hiyo ni ya kazi na inalipwa kama kazi.

Programu maalumu ya kulipia huihitaji. Faili za maandishi ya kawaida zinatosha kwa miaka mingi.

Kuhusu hiyo saa moja nataka nisisitize, maana ndiyo ya kwanza kuliwa na kazi za wateja. Mwaka 1976 kituo cha Goddard cha NASA, shirika la anga la Marekani, pamoja na Chuo Kikuu cha Maryland na kampuni ya Computer Sciences Corporation, walianzisha maabara ya kuchunguza namna programu zao zinavyotengenezwa. Ilifanya kazi kwa miaka mingi na kukusanya uzoefu wa miradi zaidi ya 100. Katika fundisho ambalo Victor Basili wa chuo hicho na wenzake waliliita kiwanda cha uzoefu, walitenganisha kazi mbili: wapo wanaojenga programu, na wapo wanaokusanya kilichojifunzwa, wakakipanga na kukirudisha kwa wajenzi. Sababu yake inaeleweka. Anayejenga anabanwa na tarehe ya kukabidhi, na siku zote tarehe itashinda. Timu ya watu watano haiwezi kuwa na idara mbili, lakini inaweza kuwa na mtu mmoja ambaye kwa saa moja ya wiki hajengi chochote, anakusanya tu.

Hatua ya 1. Jua ujuzi uko kichwani mwa nani

Chukua karatasi. Upande wa kushoto andika kila mfumo mnaouhudumia, kisha uugawe vipande: malipo ya simu, ripoti, nakala rudufu, uchapaji wa risiti, akaunti ya seva, jina la tovuti. Upande wa kulia andika majina ya wote wanaoweza kukitengeneza kipande hicho kikiharibika saa nane usiku, bila kumpigia mtu mwingine. Usiandike wanaokifahamu kwa juujuu.

Kila mstari wenye jina moja ni hatari. Mstari usio na jina kabisa ni hatari zaidi, na usishangae ukiukuta, hasa kwenye kurudisha data kutoka nakala rudufu. Wengi wanajua kuhifadhi, wachache wamewahi kujaribu kurudisha.

Anzia kwenye mistari hiyo. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuandika sehemu ambayo kila mtu anaijua, kwa kuwa ndiyo nyepesi kuandika.

Hatua ya 2. Weka daftari ndani ya mradi

Ndani ya kila mradi tengeneza folda iitwayo "daftari", na nje yake faili liitwalo SOMA-KWANZA. Faili hilo lijibu maswali manne: mfumo unamfanyia nani kazi gani, unawashwaje kwenye kompyuta yako, unapelekwaje kwa mteja, na ukiharibika unaanza kuangalia wapi. Kurasa mbili zinatosha. Ndani ya daftari weka folda mbili, "matatizo" na "maamuzi". Ukianza na folda kumi, nane zitabaki tupu na watu watakata tamaa wakizifungua.

Kwa nini ndani ya mradi na si kwenye hati za mtandaoni za mtu binafsi? Kwa sababu anayebadilisha msimbo anabadilisha na maelezo kwa mkupuo mmoja, na anayekagua kazi yake anaviona vyote viwili. Maelezo yanayokaa mbali na msimbo huachwa nyuma, na yakishapitwa yanapotosha kuliko kama yasingekuwepo.

Lugha gani? Andikeni kwa lugha mnayozungumza mkiwa kazini. Kwa wengi wetu ni Kiswahili kilichochanganyika na maneno ya kazi, na hakuna ubaya. Ila ujumbe wa hitilafu unaotoka kwenye kompyuta nakili ulivyo, herufi kwa herufi, maana huo ndio mwenzako atakaoutafuta mwaka ujao.

Angalizo: usiweke maneno ya siri kwenye daftari, wala namba za simu, majina au miamala ya wateja halisi. Git haisahau, ukifuta leo, toleo la jana bado lipo kwenye historia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu hata kama ofisi yenu ni chumba kimoja. Tumia data ya kubuni kwenye mifano, na maneno ya siri yatunzwe kwenye programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 3. Andika kadi ya tatizo siku hiyohiyo

Hii ndiyo hatua inayolipa haraka kuliko zote, kwa hiyo nitaitolea mfano kamili. Tatizo lolote lililomla mtu zaidi ya saa moja liandikiwe kadi kabla hajaondoka ofisini. Kesho atakumbuka tiba, lakini atakuwa amesahau dalili, na dalili ndiyo mlango ambao mwenzake ataingilia.

Kadi moja inakaa hivi:

Tatizo: Mauzo ya usiku yanaingia kwenye ripoti ya jana.
Dalili: Mteja anayepokea samaki usiku anasema jumla ya leo ni pungufu na ya jana imezidi. Kinachohama ni mauzo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku tu.
Sababu: Seva inakata siku kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, hivyo siku mpya ya seva huanza saa tisa usiku kwetu.
Tiba: Endelea kuhifadhi muda kwa UTC, lakini ugeuze kuwa saa za Africa/Dar_es_Salaam kabla ya kujumlisha kwa siku. Usiiguse saa ya seva yenyewe.
Inahusu: Ripoti zote zinazojumlisha kwa tarehe.
Haihusu: Risiti, kwa kuwa zinachukua saa ya simu ya muuzaji.
Imehakikiwa: mwezi, mwaka na jina la aliyehakiki.

Mistari mitatu ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayofanya kadi itumike tena kwa usalama. Bila "inahusu" na "haihusu", msomaji ataipaka tiba mahali pasipostahili. Bila tarehe, hatajua kama bado ni kweli. Kadi iliyoandikwa kabla ya Novemba 2024 inazungumzia Tigo Pesa. Leo mteja anaiona kwa jina la Mixx by Yas, na kijana mpya anayetafuta kwa jina jipya hataikuta ya zamani mpaka mtu aongeze jina hilo.

Mambo mengine ya kuandikia kadi mapema, kwa sababu kila timu ya hapa hukutana nayo: namba za simu zinazoingia kwa sura tatu (zenye 0, zenye 255 na zenye +255) na mteja mmoja akahesabiwa watu watatu, taarifa ya malipo ya simu kuja mara mbili, hivyo lazima ukague namba ya muamala kabla ya kuongeza salio, na saa. Mpokea maziwa akiandika saa 12 anamaanisha alfajiri, na mfumo unaosoma saa 24 unaiweka adhuhuri. Hili la saa hutalikuta kwenye mafunzo yoyote kutoka Marekani. Ni ujuzi wetu sisi, na tusipouandika sisi hakuna atakayetuandikia.

Hatua ya 4. Andika maamuzi pamoja na sababu zake

Msimbo unaonyesha kilichofanyika. Hausemi kwa nini, na kamwe hausemi ni njia zipi zilikataliwa. Mwaka 2011 mtaalamu wa programu Michael Nygard alipendekeza njia rahisi ambayo timu nyingi duniani zimeichukua: kila uamuzi mkubwa unapewa faili fupi lenye namba, na sehemu tano, yaani kichwa, hali yake, mazingira yaliyoulazimisha, uamuzi wenyewe, na matokeo yake mazuri na mabaya.

Tuseme mmeamua kumbukumbu za maziwa zihifadhiwe kwanza kwenye simu ya mpokeaji, kisha zipelekwe seva baadaye. Andika mazingira: vituo vya milimani Lushoto hupotewa na mtandao asubuhi, na foleni ya wafugaji haisubiri. Andika mlichokataa: kutuma kumbukumbu ya kila ndoo kwenye seva papo hapo. Andika na gharama: simu ikipotea kabla ya kutuma, kumbukumbu za asubuhi hiyo zimepotea, ndiyo maana kuna daftari la karatasi pale kituoni. Usipoandika mlichokataa, kila mgeni atakipendekeza upya, na kila mara mtatumia mchana mzima kumweleza.

Uamuzi ukibadilika, usiufute wa zamani. Uandike "umebatilishwa na namba 14" na uuache. Anayesoma anahitaji kuona njia yote mliyopita.

Maamuzi makubwa tu. Kama kuubatilisha uamuzi kutachukua zaidi ya wiki, uandike. Rangi ya vitufe haiingii.

Hatua ya 5. Ujumbe wa Git useme sababu

Fungua historia ya mradi wenu sasa hivi, usome ujumbe mfupi ulioandikwa kwenye kila badiliko. Ukikuta "nimerekebisha", "mabadiliko", "ya mwisho", "ya mwisho kabisa", mna kazi. Git yenyewe inaonyesha mistari iliyobadilika, kwa hiyo usirudie hiyo. Andika kilichokufanya uibadilishe: "Usitambue mtandao kwa tarakimu za mwanzo za namba. Tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao na namba yake ileile." Mwaka mmoja baadaye mtu ataita amri ya git blame, inayoonyesha badiliko lililouleta mstari na aliyelifanya, kwenye mstari huo, na badala ya kukutafuta Dar es Salaam atapata jibu hapohapo.

Anayekagua kazi ya mwenzake akatae mabadiliko yasiyo na sababu. Kwa upole, lakini akatae.

Hatua ya 6. Vuna WhatsApp, na wasikilize wasiopenda kuandika

Ujuzi mwingi wa timu zetu uko kwenye kundi la WhatsApp, na huko unazama. Kila saa ya daftari inapofika, mtunza daftari apitie ujumbe wa wiki, achukue majibu yaliyosaidia, ayageuze kuwa kadi. Yasiyosaidia aachane nayo.

Kisha kuna kaka au dada mkubwa anayejua kila kitu na hapendi kuandika. Usimlazimishe. Mwombe ujumbe wa sauti wa dakika tatu, aeleze kama anavyomweleza mtu mezani. Kijana wa mafunzo kwa vitendo ausikilize, auandike, kisha amsomee. Mkubwa atasahihisha, na masahihisho hayo ndiyo dhahabu, maana hapo ndipo anaposema "hapana, hiyo ni kama duka lina matawi, kama ni moja, sivyo." Kijana naye anajifunza zaidi kwa kuandika kuliko angejifunza kwa kuangalia. Kama timu yako haitafanya jambo lingine lolote msimu wa vijana wa mafunzo, fanyeni hili.

Lakini si kila ujuzi unaandikika. Namna mtu anavyonusa kwamba kanzidata imeanza kuchoka kabla haijasimama, hiyo hupatikana kwa kukaa naye. Wapange wawili wawili kwenye kompyuta moja angalau nusu siku kwa wiki, na anayejua kidogo ndiye ashike kibodi.

Hatua ya 7. Kaeni chini kazi ikiisha

Mkikabidhi mradi, au mfumo ukianguka na kuinuka, kaeni dakika arobaini na tano ndani ya wiki hiyo. Maswali matatu yanatosha: nini kilikwenda vizuri na tukirudie, nini kilitugharimu, na tutabadilisha nini kwa jina la nani na kabla ya lini.

Utaratibu una uzito hapa. Kwetu mdogo hampingi mkubwa mbele za watu, na adabu hiyo ni njema, lakini inaweza kufunga kikao. Mkubwa akianza kusema, kikao kimekwisha. Waliobaki watakubali tu. Kwa hiyo kila mtu aandike majibu yake kwenye karatasi kwanza, kimya, dakika tano. Karatasi zisomwe na mtu mmoja bila kutaja mwandishi. Mkubwa wa timu azungumze mwisho.

Angalizo: msitafute mkosaji. Ulizeni ni kitu gani kilimfanya mtu mwenye akili timamu aone kile alichofanya ni sawa wakati ule. Siku kijana atakapokatwa mshahara kwa jambo alilolisema mwenyewe kikaoni, hiyo ndiyo siku ya mwisho mtasikia ukweli.

Toeni mabadiliko mawili, yasizidi matatu. Orodha ya kumi na tano haitekelezwi.

Hatua ya 8. Lipime daftari kwa mgeni

Mtu mpya akija, mpe laptop na faili la SOMA-KWANZA, umwambie auwashe mfumo bila kuuliza kwa mdomo. Kila anapokwama aandike alipokwamia. Kila alama yake ni kasoro ya faili, si ya akili yake, na mwambie hivyo mapema asione haya. Akimaliza, kazi yake ya kwanza ya kuingiza kwenye Git iwe kurekebisha faili hilo.

Hatua ya 9. Kabla ya kazi mpya, tafuta kwanza

Timu nyingi zinaandika vizuri na hazisomi. Dawa yake ni kuweka kusoma ndani ya utaratibu. Mradi mpya haufunguliwi mpaka mtu ametumia nusu saa kwenye madaftari ya miradi ya zamani na kuleta mezani ukurasa mmoja: tuliwahi kufanya nini kinachofanana, kilitusumbua wapi, na kipande gani tunaweza kukichukua.

Kuchukua kipande kuna masharti, na mfano mkubwa ni wa Ariane 5, roketi ya nchi za Ulaya. Tarehe 4 Juni 1996 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Amerika Kusini, na sekunde 40 hivi baadaye ikalipuka. Programu ya kupima mwelekeo ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila kasoro. Lakini Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa mlalo, namba ikawa kubwa kuliko nafasi ya biti 16 iliyotengewa, na mfumo ukasimama. Kibaya zaidi, hesabu hiyo haikuwa na kazi yoyote kwenye Ariane 5 baada ya roketi kuondoka chini. Iliachwa tu kwa kuwa ilikuwepo. Msimbo ulikuwa mzima. Kilichopotea njiani ni masharti yake.

Kwa hiyo kabla ya kunakili kipande cha mfumo wa duka la dawa na kukipeleka kwenye SACCOS, jibu haya kwa maandishi: kilitengenezwa kwa data ya ukubwa gani, kilitegemea nini kuwa kweli, na je, huku nako ni kweli? Kipande kilichohesabu stoo ya bidhaa mia tano kinaweza kukwama kwenye wanachama elfu ishirini. Na ondoa usichokihitaji.

Lini utengeneze maktaba ya pamoja, yaani kipande cha msimbo kinachotumiwa na miradi yote? Waandishi wa programu wana desturi ya kusubiri mara ya tatu, nami naiunga mkono. Mara ya kwanza andika. Mara ya pili nakili, huku ukinung'unika. Mara ya tatu sasa mnajua kinachofanana na kisichofanana, tengenezeni kipande kimoja cha wote chenye mwenye kukitunza. Wanaokimbilia maktaba mara ya kwanza huishia na kitu chenye vitufe ishirini ambacho hakuna anayekielewa.

Hatua ya 10. Mtu akiaga

Usimwambie anayeondoka "andika kila unachojua." Hajui anachojua. Mpe anayemrithi kazi halisi za kipande hicho kuanzia siku ya kwanza ya notisi. Mwenye kuondoka akae pembeni bila kugusa kibodi, na kila anapolazimika kufungua mdomo, mrithi aandike kadi. Wiki mbili za namna hii zinazidi hati ya kurasa hamsini.

Sambamba na hilo, kagua akaunti: jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya nani, seva inalipiwa kwa kadi ya nani, akaunti ya duka la programu za simu ni ya nani, na namba za uthibitisho zinaingia kwenye laini ya nani. Hamisha zote kwenda barua pepe na laini ya ofisi kabla hajaondoka. Jina la tovuti likiisha muda na ujumbe wa kukumbusha ukaenda kwa mtu aliyeondoka miaka miwili iliyopita, wateja wote wanazimika pamoja.

Muage vizuri. Aliyeagwa vizuri hupokea simu.

Ukikwama

Hakuna anayeandika. Angalia kama ile saa ya wiki bado ipo kweli. Kama ipo, punguza umbo la kadi: dalili, tiba, tarehe. Mengine mtunza daftari atayauliza. Na asiwepo anayeandika peke yake kila siku, maana atachoka na daftari litakufa naye.

Wanaandika, hawasomi. Acheni kujibu kwa mdomo swali lenye kadi. Tuma kiungo, kisha uliza kama kadi imemsaidia. Kama haikumsaidia, irekebisheni pamoja palepale.

Kadi ni nyingi, hazipatikani. Tatizo huwa kwenye vichwa. "Tatizo la ripoti" hakifai. "Mauzo ya usiku yanaingia ripoti ya jana" kinapatikana, kwa sababu ndivyo mteja anavyolalamika kwenye simu.

Kadi mbili zinapingana. Angalia tarehe na mistari ya "inahusu". Mara nyingi zote ni kweli, kila moja kwa mfumo wake. Kama sivyo, jaribuni upya, mbakize moja na kuitia tarehe ya leo.

Kadi zimezeeka. Kila miezi mitatu mtunza daftari achague zile zinazohusu watu wa nje, yaani mitandao ya simu, benki, mifumo ya serikali, azihakiki kwanza. Hizo ndizo zinazooza haraka.

Mkubwa hataki kutoa anachojua, akihofia kwamba akikitoa hatahitajika. Hofu hiyo isikejeliwe, kwa sababu wapo waliotendewa hivyo. Mwenye timu azungumze naye faraghani, amhesabie kufundisha kuwa sehemu ya kazi yake na ya malipo yake, kisha alitimize.

Mfumo una miaka mitano na hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa. Msijaribu kuuandika wote. Tengenezeni SOMA-KWANZA wiki hii, jaribuni kurudisha nakala rudufu moja kwenye kompyuta nyingine na mwandike hatua zake, kisha subirini simu ya kwanza ya mteja. Kadi ya kwanza itatoka hapo.